Kutoka baharini hadi Lake Washington: kupitisha mashua ya tanga kwenye madaraja ya Seattle

Mashua yangu ina urefu wa futi 27, na mlingoti wake, kutoka majini hadi ncha ya antena, ni futi 37. Namba ya pili ndiyo yenye kazi. Katika mfereji wa Seattle hiyo ndiyo inayoamua daraja lipi utapita kimya kimya, lipi utalipigia honi, na wapi utakaa ukizunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Mimi nimekulia Mombasa, na daraja nililolijua utotoni ni la Nyali, lile la mwaka 1980, ambalo limekaa juu huko na halimnyanyukii mtu. Huku ni kinyume. Magari yanasimamishwa, barabara inapasuka katikati na kuinuka, ili mtu mmoja apite na kitanga chake kwa mwendo wa mguu. Mara ya kwanza unaona haya. Mara ya tatu unaanza kukasirika ukicheleweshwa.

Mfereji una maili 8 hivi, yaani kilomita 13. Unatoka Puget Sound, maji ya chumvi, unapita Salmon Bay na Lake Union, na kuishia Lake Washington, ambako ni maji baridi. Nitaeleza safari ya kuingia, kutoka baharini kwenda ziwani, kwa sababu ndivyo wengi wanavyoanza. Ukisoma hadi mwisho utaona kuwa kuendesha ni kazi ndogo. Kazi ni kusubiri, na kusubiri bila kugonga kitu.

Hatua ya 1: Pima mlingoti kwa mkono wako

Funga utepe wa kupimia kwenye henza, yaani kamba ya kupandishia tanga, upandishe hadi kileleni, na upande wa chini uuache uguse maji ubavuni mwa chombo. Kisha ongeza vilivyosimama juu ya kilele: taa, kishale cha upepo, antena ya redio. Antena yangu peke yake inakaribia futi 3. Karatasi za kiwandani usizitegemee. Nyingi huishia kwenye mti na kusahau vya juu yake. Andika jibu kwenye kipande cha plasta na ukibandike karibu na usukani, maana utaulizwa kwa redio wakati mikono yote miwili ina kazi.

Sasa linganisha. Kuna daraja la reli kabla ya kufika loki, yaani chumba cha maji kinachopandisha vyombo hadi usawa wa ziwa. Baada ya loki kuna manne yanayofunguka kwa kuinua mabawa mawili: Ballard na Fremont, yote ya 1917, University la 1919, na Montlake la 1925. Katikati yake yako mawili yasiyofunguka, la Aurora la 1932 na la barabara kuu ya I-5 la 1962, lakini hayo yako juu mno, yaache na magari yake.

Fremont ndilo la chini kuliko yote: futi 30 hivi, kama mita 9. Mengine yanayofunguka yana futi 40 na ushee. Kwa hiyo mwenye mlingoti usiofika futi 30 anapita kote bila kumwomba mtu. Mwenye kati ya 30 na 40, kama mimi, shida yake ni Fremont tu. Anayekaribia au kuzidi 40 aangalie ramani ya bahari ya karibuni, asome kimo cha kila daraja, na ajiandae kuomba yote manne. Kumbuka pia kimo kilichoandikwa ni cha katikati. Pembeni karibu na nguzo daraja hushuka.

Hapa kuna kosa ambalo nililifanya mwenyewe. Sheria ya Marekani hairuhusu kuomba daraja lifunguliwe kama chombo kinaweza kupita likiwa limefungwa, hata kama ni kwa kulaza antena kwanza. Safari yangu ya kwanza nilifika Ballard, nikainua macho, nikaona wazi kabisa kwamba mlingoti unakwenda kukatika. Nikapiga honi. Sauti ya upole ikaja redioni: mlingoti wako futi ngapi? Nikasema 37. Kimya kidogo. Kisha nikaambiwa nipite tu. Nikapita nimefumba jicho moja, na juu palibaki nafasi ya mtu kusimama. Ukitazama kutoka usukani, kila daraja linaonekana litagonga. Jicho la chini kwenda juu halifai kupimia, amini plasta.

Hatua ya 2: Chagua saa

Jumatatu hadi Ijumaa, Ballard, Fremont na University hayafunguliwi kwa vyombo vidogo kuanzia saa 1 hadi saa 3 asubuhi, na tena saa 10 hadi saa 12 jioni, wakati watu wanakwenda na kurudi kazini. Nimetaja saa zetu. Kwao imeandikwa saba hadi tisa, na nne hadi sita. Montlake lina masharti yake zaidi: jioni hufungwa mapema kuliko wenzake, na mchana kuna muda ambapo hufunguliwa saa kamili na nusu saa tu. Ratiba hizi hubadilika na msimu, kwa hiyo soma tangazo la siku hizo kabla ya kung'oa nanga. Usiku wa manane wafunguaji hawakai kila daraja. Kuanzia saa 5 usiku hadi saa 1 asubuhi unatoa taarifa saa nzima mapema.

Wikendi hakuna vizuizi hivyo, lakini Jumapili ya jua kali foleni ya loki inaweza kukumaliza saa nzima. Na Jumamosi ya kwanza ya Mei usithubutu, labda kama unakwenda kutazama: ndiyo siku ya kufungua msimu wa vyombo, kuna mashindano ya makasia na gwaride, na mlango wa Montlake hufungwa. Mimi huchagua Jumanne au Jumatano, nikifika loki kama saa 4 asubuhi.

Hatua ya 3: Vifaa na watu

Kamba mbili, kila moja futi 50, zenye kitanzi mwishoni cha kama futi moja. Zisiwe na mafundo. Dafrao, yaani mito ya kukinga ubavu, pande zote mbili, si upande mmoja, kwa sababu hujui utawekwa ukuta wa kushoto, wa kulia, au utafungwa ubavuni mwa chombo cha mtu mwingine. Redio ya VHF. Honi ya kopo, na kopo la akiba. Makoti ya kuokolea yavaliwe, hasa na wanaoshika kamba. Watu wawili wanatosha mmoja akiwa mzoefu, watatu ni raha.

Kabla ya kuingia, jaribu gia ya kurudi nyuma. Si kuiwasha tu: endesha chombo, kisimamishe kabisa, uone tezi, yaani sehemu ya nyuma, inavutwa upande gani. Mashine nyingi za rafadha moja huvuta tezi upande mmoja zinaporudi nyuma, na kama hujui wako ni upi utaujulia ukutani. Tanga shusha na ulikunje. Mfereji ni wa mashine.

Hatua ya 4: Daraja la reli

Hili liko upande wa bahari, na ndilo pekee ambalo kujaa na kupwa kunalihusu. Wakati wa bamvua tofauti kati ya maji makuu na maji mafupi hapa Puget Sound inapita mita 3, kwa hiyo kimo chini ya daraja nacho kinapanda na kushuka vivyo hivyo. Ukishapita loki hesabu hiyo haipo: maji ya ziwa hushikiliwa ndani ya futi 2 tu mwaka mzima.

Mara nyingi daraja la reli limeachwa wazi na hushushwa treni inapokuja. Likiwa chini na wewe huwezi kupita, piga honi mlio mmoja mrefu na mmoja mfupi, halafu kaa mbali. Treni haina haraka na wewe.

Hatua ya 5: Loki

Kwa asiyewahi kuiona: loki ni chumba kikubwa cha saruji chenye milango miwili. Unaingia, mlango wa nyuma unafungwa, maji yanaachiliwa kutoka juu, chombo kinapanda, mlango wa mbele unafunguka. Zimejengwa mbili sambamba hapa Ballard, zikazinduliwa rasmi mwaka 1917. Jina lake rasmi ni Hiram M. Chittenden, na zinaendeshwa na kikosi cha wahandisi wa jeshi la Marekani. Ndogo ina urefu wa futi 150, kubwa futi 825. Kupanda kwako kutakuwa kati ya futi 6 na 26, kutegemea maji ya bahari yako wapi saa hiyo. Halipishwi mtu chochote, usiku wala mchana.

Taa nyekundu, ngoja. Taa ya kijani, ingia, na kipaza sauti kitakwambia loki ipi na ukuta upi. Usiruke foleni hata ukiona nafasi: vyombo vya serikali huingia kwanza, kisha vya biashara, mwisho sisi wa starehe. Kandokando ya loki ndogo kuna lango la kumwagia maji ya ziwa, na yakifunguliwa mkondo wake husukuma chombo kwa ubavu. Ingia polepole, lakini si polepole hadi usukani ukose nguvu.

Loki ndogo ni rahisi. Nguzo za kufungia kamba zinaelea ndani ya ukuta na kupanda pamoja nawe. Pitisha kamba kwenye nguzo, irudishe kwako, shikilia. Hata hivyo usiiache: nguzo ikikwama na maji yanaendelea kupanda, ni wewe wa kulegeza.

Loki kubwa ndiyo ya kazi. Unapoingia kutoka baharini ukuta unakupita kichwa, mweusi, unateleza kwa mwani, unatoa baridi kama kisima. Kutoka juu mfanyakazi atakurushia kamba nyembamba. Ifunge kwenye kitanzi cha kamba yako. Atavuta, atavisha kitanzi kwenye nguzo huko juu, na ncha ya pili imebaki mikononi mwako. Izungushe mara moja tu chini ya kishikizo cha chombo. Usipige fundo. Maji yakianza kuja yanachemka kutoka chini, chombo kinataka kwenda huku na kule, na kamba inalegea kila unavyopanda. Mtu wa omo, yaani mbele, na mtu wa tezi wanavuta ulegevu huo mkono kwa mkono, kwa kiasi kimoja. Mmoja akizubaa, chombo kinakaa mshazari na mlingoti unaanza kuutafuta ukuta. Vidole viwe mbali na kishikizo. Kamba iliyobana haiulizi cha nani.

Milango ya juu ikifunguka, tulia kwanza. Maji ya chumvi ni mazito na ya ziwa ni mepesi, yanapokutana hupishana, na chombo kinaweza kujisogeza bila wewe kugusa mashine. Achia kamba unapoambiwa, si unapoona mwenzako ameachia.

Hatua ya 6: Salmon Bay

Umeingia maji baridi. Kulia kwako ni Fishermen's Terminal, bandari ya wavuvi iliyofunguliwa mwaka 1914, na vyombo vya chuma unavyoviona vimefungwa pale vingi huenda kuvua Alaska. Kaa upande wa kulia wa njia, usizidi noti 7 (maili za baharini kwa saa), na tagi likivuta tishari la mizigo mbele yako lipishe mapema. Haliwezi kukukwepa hata likitaka. Ballard umeshalisikia.

Hatua ya 7: Fremont, na namna ya kusimama majini

Fremont limepakwa rangi ya buluu na chungwa, huwezi kulikosa, na hufunguka kama mara 35 kwa siku. Ni machache duniani yanayolishinda kwa kunyanyuliwa. Mfunguaji ana uzoefu kuliko wewe. Mpe taarifa mapema, basi.

Unaweza kumwita kwa redio chaneli 13. Utaongea Kiingereza, lakini mpangilio ni huu: taja jina la daraja, jina la chombo chako, kwamba ni mashua ya tanga inayokwenda mashariki, na kwamba unaomba lifunguliwe. Maneno yasizidi pumzi moja. Au piga honi: mlio mmoja mrefu wa sekunde 4 hadi 6, kisha mmoja mfupi wa sekunde moja. Akikurudishia mlio uleule, amekubali. Akikupigia mitano mifupi, hawezi kwa sasa. Nawe mjibu mitano ajue umesikia. Kama mko mashua tatu zinafuatana, kila moja ipige yake. Usidhani aliyetangulia amekuombea.

Amekubali haina maana barabara itapasuka sasa hivi. Taa za magari, vizuizi, mwenye baiskeli anayetaka kukimbia apite, mama na kigari cha mtoto. Vyote hivyo vinamalizika kwanza. Dakika chache. Na dakika hizo chache katika mfereji mwembamba, na upepo mgongoni, ndiko watu wanakogonga.

Kiangazi upepo huku hutoka kaskazini, na njia ya kwenda Fremont imelala kiasi kwamba ukiingia unasukumwa kutoka nyuma. Ukiweka gia huru ukisema nangoja, umekwenda. Fanya hivi: ukiwa bado urefu wa mashua tano au sita kutoka darajani, geuza chombo kizima, omo uuelekeze unakotoka upepo, na utie mashine kidogo tu, ya kutosha kubaki ulipo. Omo ukiwa upeponi chombo ni mtiifu. Mgeuzie upepo tezi na utapigana naye kwa gia ya nyuma, ambayo kwa mashua ya tanga ni dhaifu. Tazama jambo moja lisilosogea nchi kavu, mti au dirisha, na mwendo wako upimie kwalo. Macho yakikaa kwenye maji hutajua unachukuliwa.

Kama nyuma yako kuna wengine, duara la kuzunguka halitoshi watu wote. Kila mmoja achukue upande wake na abaki nao.

Mabawa yakipanda, usikimbilie ufa. Subiri yasimame kabisa. Kama kuna chombo upande wa pili kimeshaingia, kiache kitoke. Kisha geuka na upite katikati, moja kwa moja, kwa mwendo wa kawaida. Hakuna kupunguza mwendo chini yake ili kupiga picha. Juu kuna watu mia wanakutazama na wote wanachelewa. Ukishapita, inua mkono kwa yule aliye kwenye kibanda. Wengine hujibu.

Hatua ya 8: Lake Union

Ziwa dogo lakini lina wenyewe: ndege za majini zinatua na kuruka katikati yake. Kaa kandokando, na ukiona maboya yanayomweka taa za njano katikati ya ziwa, njia ya ndege inatumika. Rubani anayetua hana breki.

Hatua ya 9: University na Montlake

Utapita chini ya I-5, na mara baada yake University. Taratibu ni zilezile za Fremont, ila hapa napita bila kuomba. Montlake ni jambo jingine. Njia yake imechimbwa nyembamba, kuta za saruji pande zote mbili, na mawimbi ya boti kubwa yakipiga ukuta yanarudi kukutana na mengine katikati. Chombo kinaruka kama mkokoteni kwenye mawe. Shika katikati-kulia, funga vyombo vya jikoni kabla hujaingia (nilivunja birika hapo), na uangalie wapiga makasia wa Chuo Kikuu cha Washington. Boti zao ni ndefu, ziko chini sana majini, na wanakwenda wakiwa wamekupa mgongo.

Ukitoka, ni Union Bay, kisha ziwa kubwa. Kama unakwenda kusini utakuta daraja linaloelea la barabara ya SR 520, la 2016, refu kuliko yote yanayoelea duniani. Mwenye mlingoti mrefu apite mwisho wake wa mashariki, ndiko lilikoinuliwa zaidi.

Hatua ya 10: Kurudi

Yote ni yaleyale kwa kinyume, isipokuwa mawili kwenye loki. Kwanza, ukitoka ziwani mkondo unakwenda nawe, si dhidi yako, kwa hiyo anza kupunguza mwendo mapema kuliko unavyoona inatosha. Pili, unashuka. Ukuta uko usawa wa kiuno chako, kuvisha kitanzi ni mchezo wa mtoto, na hapo ndipo watu wanapolala. Kamba inatakiwa kutolewa kidogo kidogo kadiri maji yanavyoondoka.

Safari moja ya kurudi, rafiki aliyekuwa tezi alifunga fundo zuri kabisa, akageuka kupiga picha samaki wanaoruka. Baada ya dakika mbili nikasikia mbao zinalia. Omo ulikuwa umeshuka, tezi imebaki inaning'inia, sahani zinateremka ndani moja moja. Fundo lilikuwa limekaza kama jiwe. Nilikata kamba kwa kisu cha kupasulia maembe, chombo kikaanguka majini kwa kishindo, na kila aliyekuwa ukutani akageuka. Siku hizi kisu kimefungwa kwa uzi kando ya usukani, na simu ya mtu wa tezi naiweka mimi mfukoni hadi milango ifunguke.